Limebaki Vifungo Tu

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, na alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba mkewe akimwita kwa jina lake halisi, alijua nyumbani hakuna amani. Hakulipata bure. Kwa miaka ishirini na miwili aliyokaa nyuma ya cherehani yake, hakuna mteja aliyewahi kutoka dukani kwake na jibu baya. Ukimuuliza kama gauni liko tayari, alikuambia kesho. Ukirudi hiyo kesho, alikuambia limebaki vifungo tu. Ukirudi mara ya tatu umefura, alikutazama usoni kwa makini, akasoma unataka kusikia nini hasa, kisha akakuambia hicho hicho kwa sauti ya upole. Wewe uliondoka umetulia, na kitambaa chako kikaendelea kulala kwenye rafu pale pale ulipokiacha.

Tusimwonee. Hakuwa mwongo wa roho mbaya, na kushona alijua haswa. Nguo yake ikitoka, ilikukaa mwilini ukajiona umepungua kilo tano. Shida ilikuwa kwenye hiyo ikitoka. Mtu huyu hakuweza kumpa mwenzake jibu la kumkunja uso. Wengine wanaogopa nyoka, wengine wanaogopa sindano ya hospitali. Yeye aliogopa uso uliokunjwa, na angesema lolote ili ukunjuke.

Alhamisi moja asubuhi alikuwa anatia uzi kwenye cherehani, askari wawili wakasimama mlangoni. Wa kwanza alikuwa Inspekta wa kituo cha pale, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya daktari wa watoto. Alisifika kwamba hajawahi kuingia na mtu katika chumba cha mahojiano akatoka bila karatasi iliyosainiwa. Alieleza kwamba pazia la jukwaa la ukumbi wa mikutano, la mahameli nyekundu, lilitoweka kati ya Jumapili mchana na Jumatatu asubuhi. Akainama, akachomoa kapu chini ya meza ya kukatia. Lilikuwa limejaa vipande vyekundu.

Fundi alisema ni mabaki ya foronya za dada yake, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Inspekta alitabasamu kama mtu aliyeambiwa na mtoto kwamba sukari imeliwa na paka.

Lakini si Inspekta aliyemtoa fundi kijasho. Ni yule askari wa pili. Alikuwa koplo, mwanamke wa miaka kama thelathini, na alikuwa mteja. Wiki kumi na tatu zilizopita alileta kitambaa cha zambarau cha gauni la kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake. Harusi ilikuwa Jumamosi hii, yaani keshokutwa. Juzi tu, Jumanne, alipitia dukani akaambiwa limebaki vifungo tu. Kitambaa chenyewe kilikuwa kwenye rafu, nyuma ya shuka ambalo fundi alilitundika ili wateja wasione mambo yasiyowahusu. Hakikuwa kimeguswa na mkasi hata kwa bahati mbaya.

Koplo alikuwa kazini, na mkubwa wake yupo. Alilitazama tu lile shuka, akamtazama fundi, akalitazama tena shuka.

"Twendeni tu kituoni, afande," fundi akasema, na tayari alikuwa amesimama na ufunguo mkononi.

Inspekta hakuwahi kuona mtuhumiwa mwenye haraka ya namna ile. Hakupekua duka. Yeye hakuamini sana kupekua, aliamini mdomo. Na mdomo huu aliona umekwisha kuiva.

Chumba cha mahojiano kilikuwa hakina dirisha. Kulikuwa na meza, kalenda ya mwaka wa juzi, pangaboi lililogonga kila likizunguka, na viti vitatu. Kiti cha mtuhumiwa kilikuwa na mguu mmoja mfupi, kwa hiyo aliyekikalia alicheza mbele na nyuma akaonekana ana wasiwasi hata kama alikuwa mtawa. Koplo alikaa mwisho wa meza na karatasi za maelezo. Fundi alikigeuza kiti chake upande, ili amtazame Inspekta peke yake.

Inspekta hakufoka wala hakupiga meza. Aliagiza chai. Aliulizia cherehani, aliulizia mgongo, maana mafundi wengi huumwa mgongo, akaulizia watoto wangapi. Kisha akasogeza kiti akasema, kwa upole uleule, kwamba wao wawili ni watu wazima na hawana haja ya kuchoshana. Yeye anajua fundi si mwizi. Mwizi ni mtu mwingine kabisa. Lakini fundi mzuri akikiona kitambaa kizuri kinaning'inia bure ukutani, kinapigwa vumbi, mkono unawasha. Nani asingefanya hivyo? Yeye mwenyewe Inspekta angekuwa fundi angekichukua zamani.

Fundi alisema hakulichukua. Uso wa Inspekta ukakunjika.

Ulikunjika kidogo tu, pale katikati ya nyusi, lakini fundi aliona. Akasema tena kwamba hakulichukua, safari hii kwa sauti ndogo. Uso ukakunjika zaidi, kwa huzuni, kama wa mteja aliyetoka mbali. Inspekta akasema kuna mtu alimwona. Hapakuwa na mtu yeyote aliyemwona, Inspekta alikuwa anatupa ndoano, lakini fundi hakulijua hilo. Akaanza kujiuliza ni nani huyo na aliona nini. Jumapili mchana alikuwa wapi? Alilala. Ana hakika alilala? Mtu aliyelala atajuaje kwa hakika kwamba alilala?

Saa mbili nzima walizunguka hapo hapo. Chai ilipoa, ikaletwa nyingine. Pangaboi liligonga. Na kila mazungumzo yalipokwama, Inspekta alimgeukia koplo akamwuliza kama na yeye ana swali la kumwuliza mtuhumiwa. Koplo alifungua mdomo. Hapo fundi alihisi roho inamtoka, kwa sababu alijua swali lenyewe, na alijua halihusu mapazia.

"Nililichukua," akasema haraka.

Uso wa Inspekta ulikunjuka kama shuka lililopigwa pasi. Ilikuwa raha kuuona. Koplo alifunga mdomo, akashika kalamu. Fundi akashusha pumzi, maana alikuwa ametoka kwenye balaa kubwa, na hili dogo wangelirekebisha baadaye. Ndivyo alivyofikiri, mnaniamini? Miaka ishirini na miwili alikuwa amekubali makosa yasiyo yake. Kiuno kimebana kwa sababu mteja amenenepa, yeye alisema samahani mama, kosa langu, akafumua akashona upya. Hakuona kwa nini maelezo ya polisi yawe magumu kuliko kiuno.

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio, tena bila taabu. Inspekta aliuliza, fundi akausoma uso, akajibu. Aliingia kwa mlango? Nyusi zilipanda; basi kwa dirisha. Alilishusha pazia kwa mikono? Kimya, basi kwa ngazi. Ngazi ya chuma? Inspekta akakohoa, ya mbao. Fundi anaogopa kupanda ngazi, hata balbu ya nyumbani hubadilisha mkewe, lakini kufikia saa sita mchana alikuwa anaikumbuka ngazi ile, na kipago cha tatu kilivyokuwa kimelegea, na akakitaja bila kuulizwa. Inspekta aliguswa. Alisema kitu kama hicho hakiwezi kutungwa.

Yakaja ya mwisho. Pazia lote lile alilifanyia nini? Fundi akasema alishona magauni. Mangapi? Akasema mawili. Inspekta akazungusha kikombe. Fundi akasema manne. Inspekta akatazama dari. Fundi akasema sita, na Inspekta akaitikia kwa kichwa taratibu, kwa kuridhika, akamwamuru koplo aandike sita. Na yako wapi? Alimwuzia mama mmoja mpita njia. Mrefu? Hapana, mfupi. Lini? Jumatatu asubuhi, mapema, kabla ukumbi haujafunguliwa na pazia kutafutwa.

"Andika," Inspekta alisema. "Magauni sita, yalikamilika Jumatatu asubuhi."

Kalamu ya koplo haikuandika.

Inspekta hakuliona hilo, alikuwa anajinyoosha. Alimwambia fundi kwamba amefanya jambo la kiungwana, na kwamba Jumatatu atafikishwa mahakamani, na kwa kuwa hajasumbua mtu huenda akapata miaka miwili badala ya minne. Kwa sasa atakaa mahabusu.

Fundi alidhani hakusikia vizuri. Alieleza, kwa adabu, kwamba yeye alikuwa na nia ya kwenda nyumbani. Alidhani akikubali yataisha, halafu wakipata nafasi watayarekebisha hayo maelezo palipokosewa. Kwa mfano pale kwenye pazia.

"Haya hayarekebishwi, mzee wangu," Inspekta akasema. "Ukisaini, yamekwisha shonwa."

Hapo ndipo lilipomwingia. Miaka miwili. Alimwona mkewe akilifunga duka, akaiona cherehani imefunikwa gunia. Alisema hakulichukua pazia, alisema mara tatu, na kiti kikacheza mbele na nyuma kikimfanya aonekane anadanganya. Inspekta alimjibu kwamba wote husema hivyo baadaye, ni kawaida, na kwamba hata akane mpaka kiama, hakuna mtu mwenye akili timamu anayekiri asilolifanya. Alikuwa analiamini hilo kwa moyo wake wote, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa.

"Afande," koplo akasema. "Naomba nimwulize swali moja."

Inspekta akasema amwulize tu.

Koplo alilaza kalamu, akageuza kiti mpaka fundi akakosa pa kuficha macho. "Fundi. Gauni langu umelikata?"

"Limebaki vifungo tu, dada," fundi akasema. Jibu halikupita hata akilini, lilitoka lenyewe, kama kupiga chafya.

Inspekta alifurahi. Aliona jibu hilo limempa nguvu: kumbe huyu ni fundi hodari, anamaliza kazi za watu. Koplo alimwomba avumilie kidogo. Aliongea polepole, bila ukali, na ukali ungekuwa nafuu.

"Nisikilize vizuri, fundi. Kama langu limebaki vifungo, basi wewe ni mtu anayemaliza kazi kwa wakati, na magauni sita uliyashona kweli, na Jumatatu utakwenda mahakamani, na mimi nitaandika ulivyosema. Kama hujalikata, niambie sasa hivi. Hapa. Mbele ya afande."

Fundi alimtazama usoni kama alivyozoea, atafute jibu analotaka kusikia. Na safari hii aliyaona mawili. Uso ule ulitaka gauni liwe tayari, uliitaka hiyo harusi ya keshokutwa na hilo zambarau mwilini, na papo hapo ulitaka mtu asiyeiba asifungwe. Hapakuwa na jibu la kuukunjua wote. Alilitafuta, Mungu ni shahidi, alilitafuta kila upande.

Wizi alikuwa ameukiri kwa saa mbili. Hili lilikataa kutoka, pangaboi likagonga, Inspekta akatazama saa. Alifikiria kusema limekatwa ila halijaunganishwa. Alifikiria kusema mashine iliharibika. Alimfikiria mkewe akibadilisha balbu peke yake kwa miaka miwili.

"Sijalikata," akasema.

Koplo alisogeza kiti karibu.

"Halijaguswa, dada. Liko kwenye rafu, nyuma ya shuka. Ile karatasi yako ya vipimo bado imebanwa na pini palepale ulipoibana mwenyewe. Jumanne nilikudanganya. Na ile wiki nyingine pia. Hata siku ile niliyosema umeme umekatika, umeme ulikuwepo." Akawa analia sasa, mtu mzima na mvi zake, akifuta macho kwa futi lililokuwa bado linaning'inia shingoni. "Hapo nyuma kuna vitambaa vya watu kumi na tisa. Foronya za dada yangu nimemaliza moja, na ni dada yangu wa tumbo moja. Ningewezaje kushona sita kwa siku moja? Mimi?"

Uso wa koplo ulikunjwa kweli kweli. Ulikuwa uso mbaya kuliko nyuso zote alizowahi kuzikimbia, na ulimtazama, na yeye akabaki hai. Hilo lilimshangaza hata katikati ya kilio.

Inspekta alianza kusema kwamba hilo halithibitishi chochote. Koplo akamwambia, kwa heshima zote, kwamba kutoka kituoni hadi dukani ni dakika nane.

Walikwenda wote watatu. Koplo ndiye aliyelivuta shuka. Mafurushi kumi na tisa yalikuwa yamejipanga, kila moja na karatasi yake ya jina na tarehe iliyoahidiwa, na tarehe nyingine mwaka wake ulikuwa umekwisha. La zambarau lilikuwa la pili kutoka chini. Inspekta aliyapitia moja moja kwa ncha ya kidole. Alipofika la kijivu alisimama, akalisoma jina mara mbili, kwa kuwa lilikuwa suruali ya sare yake mwenyewe, ambayo alimtuma mtu aipeleke mwezi wa tatu, na kila alipomtuma kuifuata aliambiwa imebaki pindo tu. Alitoka nje, akasimama barabarani, akatoa simu.

Alimpigia msimamizi wa ukumbi, aliyekuwa likizo tangu Jumatatu, na ambaye hakuna aliyehangaika kumwuliza kwa sababu mtuhumiwa alikuwa amekwisha patikana. Msimamizi alishangaa kusikia pazia linatafutwa. Alilipeleka mwenyewe kwa dobi Jumapili jioni, limejaa vumbi. Dobi alimwahidi litakuwa tayari Jumanne.

Ilibaki karatasi moja. Walirudi katika chumba kile, kwa kuwa Inspekta alisema jalada haliwezi kufungwa hivi hivi, lazima fundi aeleze kwa nini aliwapotezea polisi muda. Alimwagizia chai ya tatu. Akamshauri, kwa sauti ya daktari wa watoto, namna nzuri ya kuliweka jambo lenyewe: kwamba alikuwa amechanganyikiwa kwa uchovu wa kazi, kwamba alikiri kwa hiari yake, kwamba hakuna aliyemshawishi wala kumwambia neno lisilo la kweli. Ni mistari mitatu tu. Akisaini anakwenda nyumbani, na mkewe, aliyekwisha kupata habari, alikuwa tayari amekaa kwenye benchi la nje na kanga ameifunga kiunoni.

Fundi alimtazama Inspekta. Uso ulikuwa umekunjuka, laini, unangoja. Alijua kabisa ulichotaka. Mkono wake uliichukua kalamu kabla hajauamuru.

Akairudisha mezani. Akashika ukingo wa meza ili kile kiti kisicheze.

"Dada koplo, andika hivi," akasema. "Chai ilikuwa nzuri. Jumapili mchana nilikuwa nimelala nyumbani. Afande aliniambia kuna mtu aliniona, na hapakuwa na mtu. Ile ngazi sikuijua mimi, ilitoka kwenye uso wake."

Uso wa Inspekta ulifanya kile ambacho fundi alikuwa amekikimbia maisha yake yote. Fundi aliutazama mpaka mwisho. Jasho lilimtoka, lakini hakuongeza neno la kuufariji. Koplo aliandika yote, kwa mwandiko mkubwa, na aliposoma kwa sauti hakuruka kitu. Fundi akasaini.

Mkewe aliinuka kwenye benchi. Alimtazama macho yalivyovimba, akamwita kwa jina lake halisi, na safari hii fundi hakuwa amekosa jambo.

Koplo aliwafuata hadi kwenye ngazi za kituo. Alikuwa bado amekasirika, na hakujisumbua kuficha. Alisema harusini atavaa gauni la zamani, lile la bluu, ambalo shangazi zake wote wamekwisha liona. Kisha akauliza la kwake litakuwa tayari lini, na akamkazia macho.

Fundi aliuona uso ule unavyotaka Jumamosi. Neno lilikuwa limekwisha kumfika kwenye ulimi.

"Jumatano," akasema.

"Harusi ni Jumamosi, fundi."

"Najua. Jumamosi sitaweza."

Koplo alimpima kwa macho kwa muda, kuanzia futi la shingoni hadi ndala. "Haya," akasema. "Nitakuja Alhamisi."